Kinyesi Kimoja, Hesabu Mbili: Naitrojeni ya Kuku kwenye Malisho ya Arkansas na Uholanzi

Kuku hakojoi. Kile ambacho ng'ombe hukitoa kwa njia mbili, kuku hukitoa kwa mkupuo mmoja: donge jeusi lenye weupe juu yake. Weupe huo ni asidi ya yuriki, na theluthi moja ya uzito wake ni naitrojeni. Ndiyo sababu mkulima wa mboga, hata kama hajasoma kemia, huiogopa mbolea ya kuku iliyotoka bandani jana. Ni kali, huunguza miche, na sharti iachwe ioze kwanza.

Katika karne iliyopita ukali huo uliingizwa kwenye malisho ya ng'ombe katika nchi mbili zisizofanana: Marekani, hasa kwenye vilima vya Ozark huko Arkansas, na Uholanzi, kwenye ardhi ya kichanga ya katikati, mashariki na kusini. Kote kuwili kuku walifika mahali penye udongo fukara, na kote kuwili mambo yakaishia mahakamani. Ila katikati ya safari nchi hizo zilipishana. Wamarekani walianza kwa kuhesabu naitrojeni wakaishia kuhesabu fosforasi, nao Waholanzi walianza na fosforasi wakaishia na naitrojeni. Matokeo yake, leo ng'ombe wa Arkansas anakula majani yaliyooteshwa na kuku, ilhali kinyesi cha kuku wa Uholanzi hupitishwa kando ya malisho juu ya lori, kikielekea kwenye tanuru au nje ya mipaka ya nchi.

Ndege walioheshimiwa kabla ya kuku

Mbolea ya ndege ilikuwa na heshima tangu zamani. Columella, mwandishi wa kilimo wa Roma katika karne ya kwanza, aliipa nafasi ya juu kuliko samadi ya wanyama: kwanza ya njiwa, kisha ya kuku. Huko Isfahan, Uajemi, wakulima walijenga minara mikubwa ya udongo yenye maelfu ya vijumba vya njiwa. Shabaha haikuwa nyama, bali kinyesi cha kurutubisha mashamba ya matikiti.

Mwaka 1804 Alexander von Humboldt alirudi Ulaya akiwa na sampuli za guano, kinyesi cha ndege wa baharini kilichorundikana kwa karne nyingi kwenye visiwa vya Peru ambako mvua ni adimu. Kuanzia miaka ya 1840 Ulaya na Marekani ziliichimba guano hiyo kama madini. Baltimore ikawa bandari kuu ya kuiingiza Marekani, na wakulima wa Maryland wakaimwaga kwenye mashamba yaliyochoshwa na tumbaku. Mwaka 1856 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyomruhusu raia yeyote kukidai kisiwa chenye guano kwa niaba ya taifa, ilimradi hakimilikiwi na nchi nyingine. Kemia ya guano ni ileile ya kuku. Tofauti ni kwamba ndege wa baharini walikuwa mamilioni wakila samaki wa bahari nzima, na kuku wa wakati huo walikuwa wachache wakidonoa makombo uani. Walichotoa kilitosha bustani ya nyuma ya nyumba na si zaidi.

Mambo yalibadilika maabarani. Mwaka 1909 Fritz Haber alifanikiwa kuunganisha naitrojeni ya hewani na haidrojeni kupata amonia, na mwaka 1913 kiwanda kilichoundwa na Carl Bosch kikaanza kazi huko Oppau, Ujerumani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mbolea ya kiwandani ikawa rahisi, mahindi yakawa rahisi, na nyama ya kuku ikafuata. Kwa hiyo tunapozungumzia naitrojeni ya kuku wa kisasa, sehemu kubwa ni naitrojeni ya kiwandani iliyopita kwenye punje ya mahindi, pamoja na ile ambayo soya huivuta yenyewe kutoka hewani kwa msaada wa bakteria wa mizizini. Kuku ni kituo cha njiani. Swali ni: baada ya kituo hicho naitrojeni inaelekea wapi?

Arkansas: mabanda yaliyochukua nafasi ya matufaha

Ufugaji wa kuku wa nyama kwa biashara nchini Marekani kwa kawaida huhesabiwa kuanzia mwaka 1923, katika rasi ya Delmarva. Cecile Steele wa Ocean View, Delaware, aliagiza vifaranga 50 wa mayai, akaletewa 500. Badala ya kuwarudisha aliwalea, akawauza kwa nyama na kupata faida. Miaka mitatu baadaye alikuwa na banda la kuku 10,000. Lakini Delmarva ni nchi ya mahindi na soya. Kuku walipokutana na ng'ombe malishoni ilikuwa kusini na magharibi zaidi: kaskazini mwa Georgia, kaskazini mwa Alabama, bonde la Shenandoah, na hasa kaskazini-magharibi mwa Arkansas.

Ozark ilikuwa nchi ya matufaha. Mwanzoni mwa karne ya 20 kaunti za Benton na Washington zilisifika Marekani nzima kwa bustani zake. Kisha magonjwa ya miti, wadudu na ukame vikazimaliza, na wakulima wakabaki na vilima vya mawe vyenye udongo mwembamba usiofaa jembe. John Tyson alihamia Springdale mwanzoni mwa miaka ya 1930 akiwa msafirishaji wa matunda na mazao, akageukia kuku, na mwaka 1936 akabeba kuku 500 hadi Chicago. Kampuni aliyoianzisha ilikuja kuwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za nyama duniani, na Arkansas ikafikia kufuga kuku wa nyama zaidi ya bilioni moja kwa mwaka.

Mpango wa biashara ulikuwa wa mkataba. Kampuni inamiliki vifaranga na chakula, na mkulima anamiliki banda, deni la benki na kinyesi. Banda hutandikwa maranda ya mbao au makapi ya mpunga, ambayo Arkansas inayo tele kwa kuwa ndiyo jimbo linaloongoza kwa mpunga Marekani. Kundi baada ya kundi la kuku hupita juu ya matandiko hayo, na yanapozolewa kila tani huwa na takriban kilo 30 za naitrojeni. Mkulima hakununua kilo hizo. Ziliingia shambani kwake ndani ya chakula cha kuku ambacho bili yake ilikwenda kwa kampuni.

Akazimwaga kwenye malisho, na vilima vikabadilika rangi. Nyasi zilizonufaika zilikuwa za aina mbili kuu. Ya kwanza ni feskyu ndefu, hasa aina ya Kentucky 31 iliyotolewa rasmi mwaka 1943, inayostawi majira ya baridi. Ya pili ni ukoka, huuhuu tunaoung'oa mashambani. Wamarekani waliufanya zao. Glenn Burton, mtafiti wa Tifton, Georgia, alizalisha ukoka chotara kwa ajili ya malisho, na katika aina ya Coastcross-1 iliyotolewa mwaka 1967 mzazi mmoja alitoka Kenya. Ukoka una pupa ya naitrojeni kuliko nyasi nyingi, kwa hiyo uliimeza mbolea ya kuku bila kushiba. Vilima ambavyo havikuweza kulisha ng'ombe vikawa na ng'ombe wa nyama pamoja na akiba ya nyasi kavu. Kwa familia nyingi kuku walilipa benki, na ng'ombe waliolishwa na mbolea yao ndio walioleta pesa za matumizi.

Onyo la kwanza lilitoka kwa ng'ombe wenyewe. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Georgia walionyesha kwamba ng'ombe waliolishwa kwenye feskyu iliyomwagiwa matandiko ya kuku kwa wingi walipata mafuta magumu tumboni yaliyobana utumbo, na wakati mwingine njia ya uzazi. Wengine walisumbuliwa na nitrati nyingi ndani ya majani, na wengine walianguka kwa upungufu wa magnesi. Sehemu ya lawama ilikwenda kwa kuvu linaloishi ndani ya feskyu, ila naitrojeni nyingi ndiyo iliyolichochea. Ushauri ukawa: punguza kiwango, wala usimwage mahali pamoja kila mwaka. Hesabu ikabaki ya naitrojeni, yaani zipe nyasi kadiri ya zinachohitaji.

Kosa lilijificha katika uwiano. Nyasi huchukua naitrojeni karibu mara tatu ya fosfati, na matandiko ya kuku huwa nazo kwa viwango vinavyokaribiana. Ukishibisha nyasi kwa naitrojeni, umezipa fosfati kupita mahitaji yake kila mwaka. Isitoshe, naitrojeni hupungua yenyewe, kwa kuwa sehemu hupaa kama amonia na sehemu huzama na maji. Fosforasi hukaa palepale. Ng'ombe anayechungwa hapo hula majani na kuirudisha kwa kinyesi chake. Ndama anapouzwa huondoka na kiasi kidogo tu mifupani na nyamani.

Ziada hiyo ikaanza kuteremka na mvua. Mashariki, mwaka 1997, samaki wenye vidonda walionekana kwenye mto Pocomoke karibu na ghuba ya Chesapeake. Kijidudu kiitwacho Pfiesteria kilishukiwa na mbolea ya kuku ikanyooshewa kidole, na mwaka 1998 Maryland ikatunga sheria ya kulazimisha mipango ya virutubisho mashambani. Magharibi, jiji la Tulsa, Oklahoma, lililalamika kwamba maji yake kutoka maziwa ya Eucha na Spavinaw yalikuwa na harufu na ladha mbaya kwa sababu ya mwani. Mwaka 2001 lilizishtaki kampuni za kuku zilizofanya kazi upande wa Arkansas, na mwaka 2003 wakapatana. Mwaka 2005 jimbo zima la Oklahoma likafungua kesi nyingine kuhusu mto Illinois, na hukumu iliyozibebesha kampuni lawama ikatoka Januari 2023. Katika kesi hizo zote neno lililotawala lilikuwa fosforasi. Hoja ya kampuni kwamba kinyesi ni mali ya mkulima iligonga swali gumu: kama fosforasi hiyo ilikuja ndani ya chakula cha kampuni, na ndani ya kuku wa kampuni, iligeuka lini kuwa ya mkulima?

Uholanzi: mchanga uliolishwa hadi ukatapika

Ardhi ya kichanga ya Veluwe, Drenthe na Brabant ilijua njaa ya naitrojeni kwa karne nyingi. Mchana kondoo walichungwa nyikani. Usiku walilala zizini juu ya mabonge ya nyasi na mizizi yaliyokatwa kutoka nyika hiyohiyo. Mchanganyiko ulipoiva ulibebwa shambani. Mashamba yaliinuka kidogo kidogo, mengine karibu mita nzima, na kila hekta ya nafaka ilihitaji hekta kadhaa za nyika kuilisha. Mbolea ya kiwandani ndiyo iliyomaliza kazi hiyo ya sulubu.

Mashamba ya huko yalikuwa madogo. Baada ya vita, na hasa baada ya Soko la Pamoja la Ulaya kulinda bei za nafaka katika miaka ya 1960, mkulima mwenye hekta chache aligundua kwamba hahitaji ardhi ili afuge. Bandari ya Rotterdam ilikuwa karibu, nayo ilipokea soya kutoka Marekani na Brazili na muhogo mkavu kutoka Thailand, vyote kwa ushuru mdogo au bila ushuru kabisa. Bonde la Gelderse, lenye mji wa Barneveld uliojulikana zamani kwa mayai, na eneo la Peel upande wa kusini, vikajaa kuku na nguruwe. Hapohapo walikuwepo ng'ombe wa maziwa, ndugu wa wale Friesian wenye mabaka wanaofahamika hata Limuru na Arusha, wakila nyasi ambazo katikati ya miaka ya 1980 mashamba mengi yaliziwekea zaidi ya kilo 300 za naitrojeni ya kiwandani kwa hekta.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa na Ozark. Vilima vya Arkansas vilikuwa na njaa kuku walipofika. Malisho ya Uholanzi yalikuwa yamekwisha kula, tena yameshiba. Kinyesi cha kuku kilichozidi kilimwagwa zaidi kwenye mahindi ya kulishia ng'ombe, kwa sababu hindi huvumilia kiasi cha mbolea ambacho kingeharibu mazao mengine.

Mwishoni mwa 1984 serikali, kupitia waziri wa kilimo Gerrit Braks, ilitangaza sheria ya dharura ya kuzuia upanuzi wa mabanda ya nguruwe na kuku. Mwaka 1987 ukafuata mfumo wa sheria za mbolea, na kipimo chake kilikuwa fosfati: kilo 250 kwa hekta ya nyasi, 350 kwa mahindi ya mifugo, 125 kwa mazao mengine. Sababu ni rahisi: fosfati haipai hewani, hivyo karani anaweza kuifuatilia. Viwango vilikuwa vipana makusudi, vije kubanwa hatua kwa hatua.

Naitrojeni iliingia kwa amri ya Ulaya. Mwaka 1991 Jumuiya ya Ulaya ilitoa agizo la nitrati, likilenga kulinda maji dhidi ya kuvuka miligramu 50 za nitrati kwa lita, na kuweka ukomo wa kilo 170 za naitrojeni ya mifugo kwa hekta kwa mwaka. Waholanzi walijaribu njia yao. Kuanzia 1998 kila shamba kubwa la mifugo lilitunza daftari: naitrojeni na fosfati zilizoingia ndani ya magunia ya chakula na mbolea, zikitolewa zile zilizoondoka ndani ya maziwa, mayai, nyama na kinyesi kilichouzwa. Ziada ilitozwa faini. Kwa wafugaji wa kuku na nguruwe vitabu havikulingana, kwa kuwa amonia ilitoroka bila risiti na vipimo vya kinyesi havikuaminika. Hata hivyo mfumo huo ulipima mahali penyewe pa tatizo, yaani mlangoni, pale gunia la soya linapoingia. Oktoba 2003 Mahakama ya Ulaya iliukataa kwa kuwa agizo lilidai ukomo wa mbolea shambani, si ushuru wa ziada. Mwaka 2006 ukafutwa.

Mashamba ya nyasi yalipewa ahueni ya kufikia kilo 250, lakini kwa kinyesi cha wanyama wanaochungwa tu. Kuku hakuhusika. Mwaka 2022 Brussels ikaamua ahueni hiyo ipunguzwe hadi iishe. Kabla ya uamuzi huo, tarehe 29 Mei 2019, baraza la juu la utawala lilibatilisha mpango wa serikali wa vibali vya naitrojeni kwa sababu haukulinda maeneo ya asili dhidi ya amonia inayoshuka kutoka hewani. Miradi ikasimama, trekta zikaziba barabara za The Hague, na Machi 2023 chama kipya cha wakulima kikashinda uchaguzi wa majimbo.

Hekta moja, pande mbili

Ukiweka hekta mbili kando kwa kando, namba zenyewe hazitofautiani kama watu wanavyodhani. Kwa matandiko yenye kilo 30 za naitrojeni kwa tani, ukomo wa kilo 170 unaruhusu tani tano na nusu hivi. Mfugaji wa Ozark anayemwaga tani mbili kwa ekari anafika karibu hapohapo, tani tano kwa hekta.

Tofauti iko kwa ng'ombe. Ng'ombe wa maziwa wa Uholanzi hutoa zaidi ya kilo 100 za naitrojeni kwa mwaka, na hekta moja mara nyingi hubeba karibu wawili. Ng'ombe peke yake amekwisha kujaza nafasi kabla ya kuku kubisha hodi. Ozark ina ng'ombe wachache kwa hekta, wasiopewa chakula kingi cha kununua, na kinyesi chao hakiingizwi kwenye hesabu kwa sababu ni majani yaleyale yakizunguka. Nafasi ipo, na kuku anaijaza.

Tofauti ya pili ni mwendo wa naitrojeni yenyewe. Matandiko yakimwagwa juu ya nyasi katika joto la Arkansas, vijidudu hugeuza asidi ya yuriki kuwa amonia, na sehemu yake hupaa kabla mzizi haujaigusa. Sehemu iliyofungwa katika chembe ngumu hutoka polepole, ikiendelea hadi miaka inayofuata. Watafiti wa Fayetteville walionyesha kwamba shabu, ikinyunyiziwa bandani, hupunguza amonia na kuishikilia fosforasi isiyeyuke kwa urahisi. Uholanzi ililazimisha samadi ya maji ya ng'ombe na nguruwe ichomekwe ndani ya udongo badala ya kurushwa juu, na mabanda ya kuku wa mayai yakawekewa mikanda ya kukaushia kinyesi. Kinyesi kikavu hutoa amonia kidogo, na ni chepesi kusafirisha.

Na kweli kilisafirishwa, hadi Ujerumani na Ufaransa. Kingine, takriban theluthi ya kinyesi chote cha kuku nchini, kilipelekwa kwenye kituo cha umeme cha Moerdijk kilichofunguliwa mwaka 2008. Huko fosforasi na potasiamu hubaki kwenye jivu linalouzwa kama mbolea. Naitrojeni huchomwa na kurudi hewani, kule ambako kiwanda cha Haber na Bosch kiliitoa kwa nishati kubwa.

Nani analipa

Ukiuliza ni nchi ipi iliyoitumia vizuri naitrojeni ya kuku, jibu la haraka ni Arkansas. Iliotesha nyasi, ng'ombe wakala, watu wakaishi, wala hakuna aliyeichoma. Lakini ng'ombe hao walilishwa kwa mkopo wa fosforasi ambao mkopeshaji wake, mnywaji wa maji wa Tulsa, hakuwahi kuombwa ridhaa. Ukiuliza ni nchi ipi iliyoilinda ardhi na maji kwa sheria, jibu ni Uholanzi. Ila mfugaji wake hulipia kinyesi kiondolewe, kisha jirani yake mwenye ng'ombe hununua naitrojeni ya kiwandani, kwa sababu kikomo kinagusa kinyesi kwa namna ambayo hakikigusi kiroba cha dukani.

Makosa hayo mawili yana chanzo kimoja, nacho hakimo malishoni. Hindi lililolisha kuku wa Springdale mara nyingi lilikua katika majimbo ya kati ya Marekani, na soya ya kuku wa Barneveld ilivuka bahari. Mashamba hayo hayarudishiwi kitu. Yanamwagiwa mbolea mpya, na iliyotumika hurundikana pale kuku walipo. Mwaka 2022, bei ya yuria ilipopaa kutokana na gesi na vita vya Ukraine, wakulima wengi wa Marekani waliyakimbilia matandiko ya kuku na malori yakayafikisha mbali kuliko kawaida. Bei iliposhuka, mvuto ukapungua. Hilo linaonyesha kitu ambacho miaka 40 ya sheria za pande zote mbili haijakigusa: kinyesi cha kuku kitarudi kwenye shamba lililomlisha kuku siku ambayo naitrojeni mpya itakuwa ghali kuliko nauli. Kabla ya hapo, sheria ya fosforasi na sheria ya naitrojeni zitaendelea kuamua jambo moja tu, yaani bili iende kwa mnywaji maji, kwa mfugaji, au kwa kampuni iliyoleta magunia. Daftari la mlangoni lililofutwa mwaka 2006 ndilo pekee lililowahi kuanza hesabu kwenye magunia hayo.